Kiyoyozi cha nyumbani: Kinatumia umeme kiasi gani Arua?

Kwa miaka mingi kiyoyozi kilikuwa kitu cha mbali kwa mkazi wa Mvara, mtaa wa jiji la Arua unaofahamika kwa Kanisa Kuu la Emmanuel na shule yake ya sekondari. Eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, halikuwa limeunganishwa na gridi ya taifa. Lilitegemea mtambo wa maji wa Nyagak I wilayani Zombo, wenye uwezo wa megawati 3.5, pamoja na jenereta za mafuta.

Hali hiyo ilibadilika Agosti 2024, eneo hilo lilipounganishwa na gridi kupitia njia kuu ya umeme inayopita Gulu na Nebbi. Mwezi uliofuata, bwawa la Karuma la megawati 600 likazinduliwa rasmi. Sasa mwenye nyumba wa Arua au Koboko anaweza kufikiria kufunga kiyoyozi. Kabla ya kufanya hivyo, ni vyema aijue hesabu yake.

Kinafanyaje kazi?

Kiyoyozi huhamisha joto. Gesi maalumu hufyonza joto la chumbani, kisha pampu iitwayo kompresa huikandamiza na kuisukuma hadi kwenye kifaa cha nje, ambako joto hilo hutolewa. Kompresa ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya umeme. Mfumo wa kisasa ulibuniwa na Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji mjini New York ambacho karatasi zake ziliharibiwa na unyevu.

Hesabu ya mwezi

Kiyoyozi cha BTU 12,000, kinachotosha chumba cha kulala cha kawaida, huhitaji takriban kilowati moja kompresa inapofanya kazi. Kwa kuwa kompresa hupumzika kila chumba kinapopoa, tuchukulie kwamba kwa saa 8 za usiku kitatumia uniti 6. Kwa mwezi ni uniti 180. Tukikadiria uniti moja kuwa shilingi 800 za Uganda, gharama ni shilingi 144,000.

Feni ya wati 60 ikiwashwa kwa saa hizo hizo hutumia chini ya uniti 15 kwa mwezi, yaani shilingi zisizofika 12,000. Tofauti ni zaidi ya mara kumi na mbili.

Mzigo huo haumhusu mwenye nyumba peke yake. Viyoyozi 3,500 vya kilowati moja, kompresa zake zikifanya kazi kwa wakati mmoja, vingemaliza umeme wote wa Nyagak I. Transfoma ya mtaa nayo huelemewa wengi wanapowasha pamoja, na nguvu ya umeme hushuka kwa kila jirani.

Nyumba kwanza

Arua iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hata katika kiangazi cha Desemba hadi Machi, mchana unapokuwa mkali, usiku kwa kawaida hupoa. Mara nyingi kinachowanyima watu usingizi ni joto lililohifadhiwa na nyumba yenyewe: mabati yasiyo na dari, kuta zilizopigwa na jua la alasiri na madirisha yasiyopitisha upepo.

Dari, rangi nyeupe juu ya paa, matundu ya hewa chini ya paa na kivuli cha mwembe upande wa magharibi hupunguza joto bila kuongeza gharama ya umeme kila mwezi.

Ukiamua kununua

Chagua kiyoyozi cha inverta, ambacho hupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima na kuiwasha. Kiweke kwenye nyuzi joto 25 au 26, si 18. Funga milango na madirisha, safisha kichujio mara kwa mara, na tumia stabilaiza pale ambapo umeme hupanda na kushuka.

Uliza pia aina ya gesi. R-32 huchangia ongezeko la joto duniani kwa kiasi kidogo kuliko R-410A, zikilinganishwa kilo kwa kilo. Gesi za jamii hiyo zinapunguzwa hatua kwa hatua chini ya makubaliano yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016.

Kwa familia nyingi za Mvara, fedha za kiyoyozi zitaleta nafuu zaidi zikianza na dari na feni. Joto likizidi baada ya hapo, hata kiyoyozi kidogo kitatosha.