Mrashi wa Bibi

Nyumbani kwetu Mji Mkongwe, Unguja, palikuwa na mrashi uliokaa juu ya kabati, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Ulishushwa kwa nadra: siku ya Maulidi, siku ya harusi, na siku ya hitima. Bibi aliujaza marashi mwenyewe, na shughuli ikiisha aliufuta mwenyewe kwa kitambaa laini. Siku moja nilitaka kumsaidia, nikauchukua niusugue kwa majivu kama tulivyosugua masufuria. Nilipigwa kofi ambalo sijalisahau mpaka leo. "Fedha haisuguliwi kwa majivu," alisema, na hakuongeza neno.

Bibi alifariki mwaka 1978. Mirathi ilipogawanywa, mjomba alichukua kitanda cha samadari na cherehani, na mama akapewa mrashi. Mzee aliyesimamia mgawanyo aliupima kwa kiganja, akasema una riale zisizopungua kumi na tano. Kila mtu akaridhika.

Kijana wa leo atauliza, kwa nini riale? Sarafu aliyoikusudia yule mzee ni ile ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa miaka na miaka baadaye, daima ikiwa na tarehe ileile ya 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni hawakutaka nyingine. Ilifika kwetu kwa majahazi na ikatumika Unguja karne ya 19, hata kabla ya Sultani Barghash kupigisha riale zake mwenyewe mwaka 1882. Uzito wake ni gramu 28 na chembe, na katika hizo fedha halisi ni gramu 23 na ushei. Iliyobaki ni shaba. Wafua fedha waliijua mno. Mteja alileta riale zake, zikapimwa mizanini mbele ya macho yake, zikatiwa kalibuni na kuyeyushwa, zikarudi kwake bangili au kikuku, na fundi akalipwa ujira wa mkono wake. Kwa hiyo mwanamke aliyevaa bangili alikuwa amevaa akiba yake.

Mwaka 1991 baba aliugua, na fedha za matibabu hazikutosha. Mama aliniambia niuchukue mrashi kwa sonara. Masonara wa zamani walikuwa wamebaki wachache, maana wengi waliondoka visiwani baada ya 1964. Huyu alikuwa mzee, amekaa mkekani na fuawe yake ndogo. Aliupindua mrashi, akakwaruza kidogo kwa tupa chini ya kitako, akadondosha tone la tindikali. Pakatoka povu la kijani.

"Shaba, mwanangu," alisema. "Imechovywa."

Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu hakunirudishia mara moja. Alinionyesha. Tumbo la mrashi, alisema, lilikuwa bamba moja lililofuliwa kwa nyundo juu ya fuawe, likapashwa moto kila lilipokuwa gumu, kwani shaba ikifuliwa baridi kwa muda mrefu hupasuka. Kisha likajazwa lami, ili patasi butu ichore maua na majani bila bamba kubonyea. Nakshi ikiisha lami hupashwa moto na kumwagwa. Shingo ilifanywa mbali, ikaungwa kwa lehemu. Kazi hiyo yote, kila pigo la nyundo, ni ileile kama ingekuwa fedha tupu.

Kuchovya ndiko kunakuja mwisho. Njia moja ya zamani ni kuyeyusha kipande cha fedha katika tindikali kali na kutia chumvi. Fedha hushuka chini, nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Huoshwa, huchanganywa na chumvi na unga mchachu, kisha husuguliwa kwa kitambaa chenye maji juu ya shaba iliyotakaswa hata alama ya kidole isibaki. Shaba hugeuka nyeupe papo hapo. Njia ya pili ni ya umeme, ambayo akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, waliipatia hataza mwaka 1840: chombo huning'inizwa ndani ya maji yenye sumu ya sianidi, na fedha huhama polepole kutoka kwenye kipande chake ikakivaa chombo. Kwa njia zote mbili utando ni mwembamba. Ukisugua kwa majivu, huondoka.

Hapo ndipo nilipolikumbuka kofi. Bibi alijua.

Nilirudi nyumbani na mrashi. Mama alisikiliza, kisha akavua bangili zake mbili alizopewa na Bibi siku ya harusi yake, akanituma tena kwa yule yule. Hizo zilikuwa fedha ya riale, bila shaka yoyote. Zilipimwa, nikalipwa, na kabla sijashuka kibarazani alikuwa ameshazikata vipande na kuzitia kalibuni. Nimefikiri sana juu ya hilo. Vyombo vya fedha halisi vya bibi zetu vingi vilikwenda njia hiyo, shida baada ya shida, na ndiyo maana ni adimu kuviona. Mrashi wetu uliokoka kwa kuwa haukuwa na thamani motoni. Nakshi za yule fundi, ambaye hatumjui jina, zimebaki kwa sababu hiyo tu.

Baba alipona. Mama alinikataza kumwambia mjomba. Sijui aliogopa aibu ya mama yake, au aliogopa mjomba angetaka kumrudishia cherehani.

Miaka michache baadaye mdogo wangu alioa. Kabla hatujatoka kwenda msikitini, mama alipita ukumbini na mrashi, akiwanyunyizia watu mmoja mmoja. Tumboni, pale vidole vinaposhika, palikuwa pameanza kuwa pekundu. Alipofika kwa mjomba, mjomba alikinga viganja, akautazama mrashi, akasema, "Fedha ya mama hii."

Mama akamwongezea marashi.