Gredi zimekosa udaktari: Kurudia KCSE au kupitia diploma?

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, simu za chumba cha habari hulia kwa siku mbili tatu mfululizo. Si wote wapigao wanaotaka kujua mwanafunzi bora ametoka shule gani. Wengi ni wazazi wenye swali moja: mwanangu alitaka kuwa daktari tangu utotoni, sasa amepata B au B-, je, tufanyeje?

Mzazi huyo hupokea majibu ya kila aina kabla hajamaliza wiki. Mjomba atasema mtoto arudie mtihani. Jirani atasema apelekwe ng'ambo. Mwalimu atapendekeza kozi nyingine. Kila jibu lina ukweli wake, lakini hakuna linalofaa watahiniwa wote, na kosa la kuchagua vibaya hugharimu miaka na, mara nyingine, shamba la familia.

La kwanza ni kuweka kando gredi ya wastani na kuisoma slipu somo kwa somo. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 walipata C+ na zaidi, kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu. Waliopata A walikuwa 1,693 pekee. C+ hufungua lango la chuo kikuu, lakini haifungui mlango wa kitivo cha udaktari. Kwa shahada ya udaktari na upasuaji, mtahiniwa huhitaji wastani wa B, pamoja na angalau B katika Biolojia, B katika Kemia, B katika Hisabati au Fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Mwenye wastani wa B+ aliyepata C+ katika Kemia hajahitimu, hata kama jina lake limesomwa kanisani.

Hayo ni masharti ya chini tu. Yakitimizwa, mtahiniwa huingia katika foleni, na foleni hupangwa kwa alama za kundi la masomo. Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa hivyo inafaa tufanye hesabu kwa utaratibu.

Tuchukue mfano wa msichana wa kubuni. Amepata B+ katika Kiingereza na Biolojia, B katika Hisabati, C+ katika Kemia, na B katika Kiswahili, Historia na Kilimo. A huhesabiwa kuwa pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8 na C+ ni 7. Jumla yake katika masomo saba ni 63 kati ya 84, yaani wastani wa B kamili. Katika masomo manne yanayohitajika kwa udaktari ana 36 kati ya 48.

Ili kukadiria alama zake za kundi, gawanya 36 kwa 48, kisha 63 kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, halafu uzidishe kwa 48. Msichana wetu anapata 36. Bodi ya kusimamia uteuzi wa wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya kadri (KUCCPS), iliyochukua mahali pa JAB chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, huzingatia pia jinsi masomo yalivyofanywa kitaifa, kwa hivyo hesabu hii ni ya kukadiria. Hata hivyo, inatosha kumwonyesha mtu aliposimama.

Sasa tuseme anarudia mtihani na kuinua Kemia hadi B, mengine yakibaki yalivyo. Masharti ya chini ameyatimiza. Alama zake za kundi, hata hivyo, zimepanda hadi takriban 37.6 tu, ilhali nafasi za udaktari katika vyuo vikuu vya umma kama vile Nairobi, Moi na Kenyatta huchukuliwa na walio na zaidi ya 40. Ili afikie 43 angehitaji mfano wa A- katika masomo yote manne na jumla ya pointi 75 katika masomo saba. Si somo moja tena la kurekebisha. Ni kupanda pointi 12 kwa jumla, na sehemu kubwa yazo katika sayansi.

Ndiyo maana swali la kurudia au kutorudia halijibiwi kwa moyo peke yake. Kurudia kunamfaa yule ambaye matokeo yake yako chini ya uwezo wake uliokwisha kuonekana: aliyeugua wakati wa mtihani, aliyekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, au aliyekuwa akipata A- katika Kemia mwaka mzima kisha akateleza. Huyu ana jambo la kurekebisha na analijua. Kwa aliyepata C+ katika kila jaribio tangu Kidato cha Tatu, mwaka mwingine wa madaftari yale yale na mbinu zile zile utazaa matunda yale yale. Nimeona wazazi wakimrudisha mtoto Kidato cha Nne mara mbili bila yeyote kuuliza ni nini kitakachobadilika.

Anayeamua kurudia azingatie mambo kadhaa. Ikiwa anataka gredi mpya ya wastani, ni lazima asajiliwe kwa masomo yasiyopungua saba. Hawezi kuketi Kemia peke yake na kuiunganisha na slipu ya zamani katika maombi ya KUCCPS. Aidha, ahakikishe kwamba kituo atakachofanyia mtihani kina maabara inayofanya kazi. Karatasi ya tatu ya Kemia na ya Biolojia ni ya majaribio na kila moja ina alama 40, na mtahiniwa wa kibinafsi aliyesomea nyumbani kwa mwaka mzima bila kugusa bureti wala hadubini huzipoteza kwa urahisi. Usajili hufanywa mapema katika mwaka, wakati ambapo familia nyingi bado zinajadiliana. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linaketi KCSE mwaka wa 2027, kwa hivyo ambaye angali anasitasita hana miaka mingi ya kusitasita.

Kabla ya yote hayo, kama gredi ya somo fulani inashangaza mno, mwalimu mkuu anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Baraza la Mitihani (KNEC) katika muda mfupi unaotolewa baada ya matokeo. Ni hatua ndogo, na haihitaji kuuza mbuzi.

Njia ya pili ni ya diploma. Katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu nchini (KMTC), kilichoanzishwa mwaka wa 1927, mwenye wastani wa C anayetimiza masharti ya masomo husika anaweza kusomea udaktari wa kliniki kwa miaka mitatu, kisha akafanya uanagenzi wa mwaka mmoja. Baadaye, vyuo vikuu hupokea maombi ya udaktari kutoka kwa wenye diploma hiyo, na vilevile wenye diploma ya uuguzi.

Lakini njia hii ina mtego ambao wengi hawauoni hadi wamekwisha kuhitimu. Aghalabu mwombaji wa diploma hutakiwa awe amefaulu kwa kiwango cha kredi, si pasi ya kawaida, na pia awe na C+ ya wastani katika KCSE na C+ katika masomo yale manne ya kundi. Diploma, kwa hivyo, haiifuti slipu ya Kidato cha Nne. Hulegeza masharti yake kutoka B hadi C+. Mwanafunzi aliyeingia KMTC akiwa na C katika Kemia, akidhani kwamba akifanya bidii milango yote itafunguka, hugundua miaka mitatu baadaye kwamba mlango wa udaktari ungali umefungwa kwa sababu ya gredi ile ile. Atakayekuwa wazi kwake ni ule wa shahada ya utabibu wa kliniki, ambayo ni taaluma kamili lakini si shahada ya udaktari na upasuaji.

Msichana wetu wa mfano hana tatizo hilo. C+ yake ya Kemia, iliyomzuia kuingia moja kwa moja, inamtosha kupitia diploma. Tuhesabu miaka. Akianza chuo akiwa na umri wa miaka 18, atamaliza diploma na uanagenzi akiwa na 22. Shahada ya udaktari huchukua miaka sita, na aghalabu huanza mwaka wa kwanza kama wengine. Hapo ana 28, kisha mwaka mwingine wa uanagenzi. Atakuwa daktari akiwa na 29. Akirudia KCSE mara moja na kufaulu, atafika akiwa na 26. Tofauti ni miaka mitatu, lakini anayepitia diploma ana leseni mkononi na anaweza kufanya kazi kwanza ili ajitafutie karo. Kwa familia isiyo na uwezo, hilo ni jambo kubwa kuliko umri.

Ningependa kuongeza hapa kwamba afisa wa kliniki si daktari aliyekwama njiani. Katika vituo vingi vya afya mashambani, yeye ndiye anayempokea mgonjwa, kumpima, kumwandikia dawa na kuamua nani apelekwe hospitali kubwa. Kazi hiyo ina sheria yake, ya mwaka wa 2017, na baraza lake. Anayeingia KMTC huku akiidharau kazi hiyo hupata shida kupata kredi, na wagonjwa hupata shida naye.

Wapo pia wanaoanza na shahada nyingine ya sayansi, kama vile biokemia, kisha wakaomba udaktari. Aghalabu huhitaji daraja la pili la juu au zaidi. Ni njia ndefu, na tayari mtu ana miaka minne chuoni kabla ya kuanza mingine sita. Inamfaa tu aliye radhi kubaki na shahada ile ya kwanza iwapo la pili halitatimia. Vivyo hivyo Kidato cha Tano na cha Sita nchini Uganda: ni miaka miwili, na Biolojia na Kemia lazima zifanywe katika kiwango cha juu. Aliyeshindwa na Kemia ya Kidato cha Nne atakutana nayo tena ikiwa ngumu zaidi.

Vyuo vikuu vya kibinafsi, kama vile KeMU, Mount Kenya na Uzima, pia hufunza udaktari. Kwa mwenye kulipa mwenyewe, kutimiza masharti ya chini huweza kutosha, na hapo kuinua Kemia kutoka C+ hadi B kuna thamani ambayo hakungekuwa nayo katika foleni ya vyuo vya umma. Karo, hata hivyo, ni mamia ya maelfu ya shilingi kila mwaka kwa miaka sita. Familia ifanye hesabu ya mwaka wa tano, si ya muhula wa kwanza.

Hilo linatuleta kwa mawakala wa masomo ya ng'ambo, ambao wiki ya matokeo kwao ni mavuno. Huahidi nafasi ya udaktari bila kuuliza gredi. Mzazi afahamu kwamba anayerejea na shahada ya nje hawi daktari nchini kwa kushuka tu uwanja wa ndege. Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno (KMPDC) huchunguza vyeti vyake na humtaka apite mtihani kabla ya kuruhusiwa kuanza uanagenzi. Mzazi mmoja aliwahi kunieleza jinsi alivyouza ekari mbili kulipia miaka miwili ya kwanza, ndipo akauliza baraza swali ambalo angepaswa kuliuliza kabla hajapata mnunuzi. Swali lenyewe huandikwa kwa barua moja: je, chuo hiki kinatambuliwa, na je, mwanangu mwenye gredi hizi atasajiliwa akihitimu?

Kwa walio bado shuleni, gredi mbovu za Kidato cha Kwanza na cha Pili hazimo katika slipu ya KCSE na hakuna chuo kitakachoziuliza. Tatizo ni mada zilizoachwa nyuma, kwa kuwa hesabu za moli hazimsubiri asiyeelewa fomula za kemikali. Aliyeacha Fizikia asihofu mradi Hisabati yake ifike B. Aliye katika sekondari ya juu chini ya mfumo mpya, ambako Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, ahakikishe kwamba yumo katika mkondo wa sayansi na kwamba Biolojia na Kemia zimo miongoni mwa masomo yake. Kubadilisha mkondo ni rahisi zaidi katika muhula wa kwanza, na anayefaa kuonwa kwanza ni mwalimu wa masomo na ushauri, kabla ya mjomba na jirani.