Mkasi wa Bustani Una Historia Yake

Ndugu msikilizaji, wahenga walinena kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Siku hizi katika nyumba nyingi za mijini ua wa michongoma hukatwa kwa mashine ya petroli, na ule mkasi mrefu wa kushika kwa mikono miwili umetupwa stoo, unaota kutu. Kabla hatujamwuzia mnunuzi wa chuma chakavu, tuitazame historia yake, maana ina jasho na damu ndani yake.

Huko Yorkshire, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, mkasi mkubwa ulikuwa ndio mtaji wa fundi. Kitambaa cha sufu kikishafumwa hubaki na manyoya, na kazi ya fundi ilikuwa kuyakata sawasawa mpaka kitambaa kiwe laini. Mkasi wake ulizidi kilo 15, na kuumudu kulihitaji miaka ya kujifunza. Kwa hiyo mafundi hao walilipwa vizuri na kuheshimiwa.

Kisha wenye viwanda wakaleta mashine za kukata manyoya hayo, na watu wachache wakaweza kufanya kazi ya wengi. Mwaka 1812 mafundi walivamia viwanda usiku na kuzivunja. Serikali ilipeleka askari kwa maelfu, na Januari 1813 watu 17 walinyongwa mjini York kutokana na machafuko hayo. Wavunja mashine hao waliitwa Luddites, na mpaka leo Waingereza humwita hivyo mtu anayepinga mitambo. Jina hilo haliwatendei haki. Watu wale hawakuogopa chuma, kwani walikishika kutwa nzima. Walichouliza ni hiki: mashine ikichukua kazi yetu, watoto wetu watakula nini?

Ndugu msikilizaji, mashine za namna hiyo ndizo zilizofungua njia ya kuingia bustanini. Karibu na mji wa Stroud, fundi mitambo Edwin Budding aliona jinsi visu vinavyozunguka vilivyokuwa vikipunguza manyoya ya vitambaa, akawaza kuwa vingeweza kukata nyasi pia. Mwaka 1830 alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya kukata nyasi.

Hata hivyo mkasi haukufa. Mashine ya Budding ilikwenda ardhini tu. Haikuweza kupanda ukuta wa majani wala kuzunguka kona. Katika bustani ya Levens Hall, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, iko miti iliyoanza kukatwa kwa maumbo mbalimbali miaka ya 1690. Kwa zaidi ya karne mbili maumbo hayo yalitunzwa kwa nguvu za mikono.

Fadhila za mkasi ni nyingi. Visu vyake viwili hupishana na kukata kijiti bila kukichana. Hauna kelele, wala hauulizi bei ya petroli. Unataka kinoo, tone la mafuta, na nati iliyokazwa vizuri. Kijana wa mtaani mwenye mkasi na baiskeli anaweza kuanza kazi leo bila kukopa fedha za mashine.

Wala swali la mafundi wa Yorkshire halijazeeka. Mei 2023, huko Kericho nchini Kenya, waandamanaji walichoma moto mashine za kuchuma chai, wakilalamika kuwa zimewanyang'anya ajira. Hatusemi kuchoma mali ni jambo jema. Tunasema kwamba anayeleta mashine anapaswa kujibu swali lile kabla ya kuiwasha.

Na wewe mwenye ua wako, kama kazi yenyewe ni ya asubuhi moja, unoe mkasi wako au umwite kijana mwenye wake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hadi juma lijalo, kwaherini.