Mawimbi ya Sauti ya Usoni: Kutoka Kichujio cha Simu hadi Hali za Hall za Kikwanta

Simu nyingi zinazouzwa katika mitaa ya Aggrey na Msimbazi, Kariakoo, zina vichujio vidogo vinavyotenga masafa ya redio kwa mawimbi ya sauti yapitayo juu ya uso wa fuwele. Mawimbi ya aina hiyo yalielezwa na Lord Rayleigh mwaka 1885. Mwaka 1965 White na Voltmer walionyesha namna ya kuyazalisha kwa vipande vyembamba vya metali vilivyopangwa kama meno ya vitana viwili, nayo mbinu hiyo ikakomaa katika rada na mawasiliano.

Mwaka 1980 Klaus von Klitzing, akiwa Grenoble, aligundua kuwa katika nusukipitishi kilichopozwa sana na kuwekwa ndani ya uga mkali wa sumaku, ukinzani wa Hall hupanda kwa ngazi thabiti. Mwaka 1986 Wixforth, Kotthaus na Weimann walitumia mawimbi ya usoni kuchunguza elektroni za namna hiyo. Wimbi hubeba uga wa umeme. Elektroni zikiuitikia, wimbi hufifia na kasi yake hubadilika.

Mwaka 1990 Willett na wenzake waliona badiliko lisilotarajiwa pale kiwango cha chini cha nishati kilipojaa nusu, mahali ambapo ukinzani wa Hall haukuwa na ngazi. Mwaka 1993 Halperin, Lee na Read walitoa nadharia iliyolieleza.

Hivyo, si daima nadharia hutangulia na matumizi kufuata: hapa chombo cha mawasiliano kiliitangulia nadharia.