Uso Uliochaguliwa: Picha za Viongozi Magazetini na Mwambao wa Ziwa

Gazeti lina milango mingi, lakini msomaji wa njiani huingia kwa mlango mmoja tu, nao ni picha. Mwanza iko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, ambako magazeti mengi ya Tanzania huhaririwa. Kila asubuhi watu husimama mbele ya meza ya muuza magazeti, wakasoma kurasa za mbele bila ya kununua, kisha wakashika njia zao za kwenda sokoni au kivukoni. Kwa wasomaji wa namna hiyo, ambao ndio wengi, kiongozi wa nchi ni ule uso uliochapishwa siku hiyo. Akitolewa amefumba macho, ameshalala bungeni. Akitolewa kidole kimeinuliwa, ni mkali. Na mdomo ukiwa wazi, ni mropokaji. Habari iliyo ndani inaweza kueleza vingine, lakini habari hiyo haijasomwa.

Husemwa kwamba kamera haisemi uongo. Kauli hiyo ni nusu ya kweli. Kamera hupokea kilichokuwa mbele yake, lakini haichagui. Achaguaye ni mtu. Katika mkutano mmoja mpigapicha hupiga picha kwa makumi na kwa mamia, na hakuna mwanadamu awezaye kuhutubia saa nzima asikunje uso, asipige chafya, asijifute jasho. Mhariri huletewa nyuso zote hizo, akatoa moja. Hapo ndipo mapenzi na chuki zinapopata nafasi ya kusema bila ya kuandika neno. Hali ni hiyo hiyo kwa umati. Katika viwanja vya Furahisha mjini Mwanza, ambako vyama vya siasa vimezoea kufanyia mikutano yao, watu mia tano waliosongamana mbele ya jukwaa huonekana bahari wakipigwa kwa lenzi ndefu kutoka chini. Na watu elfu kumi huonekana wachache ikiwa mpigapicha amengoja mpaka waanze kutawanyika. Picha zote mbili ni za kweli, na zote mbili zaweza kudanganya.

Kibonzo hakina hila hiyo. Mchoraji anapomrefusha mtu pua, msomaji hujua mara moja kwamba hii ni kejeli, akacheka au akakasirika kwa kujua. Januari 2015 serikali ya Tanzania ililizuia gazeti la The EastAfrican, na hoja iliyotolewa ni kwamba halikuwa limesajiliwa nchini. Lakini wengi walilihusisha zuio hilo na kibonzo cha Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyekuwa akichora Nairobi, kilichomkejeli Rais Jakaya Kikwete. Pamoja na ghadhabu yote, hakuna aliyedai kwamba Rais ndivyo alivyokuwa ameketi siku ile. Picha iliyochaguliwa kwa nia ya kukejeli ina nguvu zaidi kwa sababu huvaa joho la ushahidi.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Baada ya gazeti la The Standard kutaifishwa Februari 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuzaa Daily News, magazeti makubwa ya Tanzania Bara yalikuwa mikononi mwa serikali na mwa chama. Kiongozi alitolewa akipokewa, akikagua, akipanda mti, akishikana mikono na mgeni. Uso wake haukukunjwa wala kufumbwa macho. Nao ulikuwa uchaguzi vilevile, ila haukuitwa uchaguzi kwa sababu hapakuwa na picha ya pili ya kulinganishia.

Ng'ambo ya ziwa, Idi Amin aliifahamu elimu hii kuliko watawala wengi. Julai 1975, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Kampala, alibebwa juu ya kiti na Waingereza wanne, na kamera zikawa tayari. Alitaka dunia ione kwamba mzigo wa mtu mweupe umegeuka, na sasa mweupe ndiye mchukuzi. Waafrika wengi waliicheka picha ile kicheko cha kulipiza. Magazeti ya Ulaya yakaitoa kama ithibati ya wazimu wake. Picha ni ile ile, lakini maelezo ya chini yalikuwa mbalimbali. Miaka mingi baadaye, katika ghala la shirika la utangazaji la Uganda, zikapatikana hasi za picha zipatazo 70,000 za wapigapicha wa serikali, na baadhi yake zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Zinaonyesha sherehe, mikutano, vicheko na makofi. Waliouawa na waliopotea hawamo. Aliyefikiri kwamba kupotosha ni kazi ya mhariri mwenye kejeli peke yake, na azitazame hasi hizo: sifa nazo hupotosha, na huenda zikapotosha zaidi.

Mwanza yenyewe ilionja uchungu wa kuchaguliwa uso mwaka 2004, ilipotoka filamu ya Hubert Sauper wa Austria, Darwin's Nightmare, iliyofika mpaka kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Ilihusu sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, na viwanda vya minofu, na ndege kubwa za mizigo katika uwanja wa Mwanza, na watoto wa mitaani, na mapanki, ile mifupa na vichwa vibakiavyo minofu ikishasafirishwa. Neno hilo la viwandani likasafiri nchi nzima. Rais Kikwete aliishutumu filamu hadharani mwishoni mwa Julai 2006, na mwezi uliofuata pakawa na maandamano Mwanza ya kuilaani. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon alipinga ukweli wake. Sauper akamshitaki kwa kashfa, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper haki.

Malalamiko ya watu wa Mwanza hayakuwa ya bure. Mji wenye masoko, shule, mahakama, wavuvi wanaosomesha watoto na mama wanaojenga nyumba kwa faida ya dagaa ulikuwa umeoneshwa ulimwenguni kwa jeraha lake pekee. Lakini jeraha lilikuwapo. Mapanki yalikuwa yakikaangwa na kuliwa, na watoto walikuwa wakilala barabarani. Ghadhabu ya wakubwa iliwaelekea walioonyesha kuliko ilivyokielekea kilichoonyeshwa, na hiyo ndiyo hatari ya neno "upotoshaji" linapotamkwa na mwenye mamlaka: hufunika picha ya uongo na picha ya aibu kwa shuka moja.

Miaka kumi baadaye mwambao ule ukamtoa Rais. John Magufuli, mzaliwa wa Chato, aliyewahi kufundisha Sengerema na kufanya kazi Mwanza katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, alijua thamani ya picha. Katika kampeni za 2015, wakati afya ya mpinzani wake Edward Lowassa ilipokuwa ikisemwa kila mahali, yeye alipiga pushapu jukwaani. Desemba 9 mwaka huo, akiwa Rais mpya, akatoka nje ya Ikulu kuzoa taka kwa mikono yake. Magazeti yakazichapisha picha hizo kwa furaha. Hakuna aliyeuliza ni ngapi zilizoachwa.

Picha zisizochaguliwa na Ikulu zilipata makaribisho mengine. Juni 2017, wakati wa mjadala wa mchanga wa dhahabu wa Bulyanhulu na Buzwagi, migodi ya Kanda ya Ziwa, gazeti la Mawio lilitoa ukurasa wa mbele picha za marais wastaafu Benjamin Mkapa na Kikwete, likiwahusisha na mikataba ya madini. Lilifungiwa miezi 24. Aprili 2020, katika siku za mwanzo za korona, Magufuli akiwa kwao Chato, Mwananchi lilitoa mtandaoni picha yake akifanya manunuzi huku amezungukwa na umati. Wasomaji wakaanza kuuliza: mbona Rais hakai mbali na watu? Ikabainika kwamba picha haikuwa ya siku zile. Mamlaka ya Mawasiliano ikaifungia leseni ya mtandaoni ya gazeti hilo kwa miezi sita, pamoja na faini ya shilingi milioni tano.

Kisa hiki cha mwisho kinastahili kupimwa kwa mizani miwili. Picha ya zamani iliyowekwa kama ya leo, katika wakati wa maradhi, ni kosa. Kiongozi hutuhumiwa kwa alilofanya siku ambayo tuhuma haikuwapo. Lakini dawa ya kosa la tarehe ni tarehe. Masahihisho yangeandikwa, radhi ikaombwa, msomaji akajua. Miezi sita ya ukimya haikumfundisha msomaji kuisoma picha; ilimfundisha mhariri kuiogopa.

Wasukuma wa pembeni mwa ziwa wana mila inayofaa kutajwa hapa. Kila mwaka, katika msimu wa Bulabo, huko Bujora karibu na Mwanza, vikundi vya Bagalu na Bagika hushindana kwa ngoma, na nyimbo zao hazimwachi mpinzani salama: hukejeliwa, huaibishwa, huchekwa. Lakini yupo pale pale, ana ngoma yake na waimbaji wake, na mshindi ni yule atakayewavuta watu wengi zaidi upande wake. Wapwa hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani malumbano ya washairi yamekuwa na sharti hilo hilo: ukinichoma nina beti zangu. Kejeli ni halali pale anayekejeliwa anapokuwa na nafasi ya kujibu, na pale kejeli inapojitambulisha kuwa ni kejeli.

Picha ya gazeti huvunja masharti yote mawili. Haijitambulishi, na aliyechekwa hana uso mwingine wa kujibia mpaka mhariri apende kumpa. Hivyo wajibu wa mhariri ni mzito: aseme picha ni ya lini na ya wapi, wala asikate pembeni kile kinachobadili maana. Na wajibu wa serikali ni mzito zaidi, kwa kuwa ndiyo mwenye kufuli. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 Mawio na wenziwe wakafunguliwa. Meza za magazeti hazikubadilika kwa hukumu hiyo. Mtu wa Mwanza angali anasimama asubuhi mbele ya nyuso zilizopangwa, na anayo haki ya kujiuliza ni nani aliyezipanga, na zile zilizobaki ziko wapi.