Mlevi Atawapata Wapi Wenzake?

Juma hili twapenda kuzungumza habari ya pombe, lakini si kwa njia iliyozoeleka mimbarini. Kwamba pombe huvunja nyumba, hakuna asiyelijua hapa Kisumu, wala ufuoni kote mpaka Homa Bay. Mvuvi atokaye ziwani alfajiri na fedha mkononi huikuta chang'aa kabla hajafika kwa mkewe. Swali letu ni la yule aliyekwisha kuchoka nayo, atakaye kuiacha na asiweze. Aende kwa nani?

Mwezi wa Mei 1935, Bwana Bill Wilson alisimama katika ukumbi wa hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara ya hisa iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, fedha zilikuwa karibu kwisha, na baa ilikuwa hapo hapo hotelini. Alikuwa na miezi mitano hivi bila kuonja pombe. Akaona kwamba asipompata mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, usiku ule atakunywa. Angalieni, ndugu: hakutafuta daktari wala mhubiri, alitafuta mlevi. Palikuwa na orodha ya makanisa ukutani. Akapiga simu, akampata kasisi wa Kianglikana, Walter Tunks. Kasisi akampa majina ya watu wa kuwauliza. Kwa njia hiyo akamfikia mama mmoja, Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha na daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa imemshinda kabisa. Daktari aliahidi kukaa robo saa tu. Walizungumza saa sita na zaidi.

Daktari yule alianguka tena mara moja. Tarehe 10 Juni 1935 ndiyo ihesabiwayo kuwa siku aliyokunywa mara ya mwisho, na siku kilipozaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Wote wawili walikuwa wamepita katika mikutano ya Oxford Group, ya mchungaji wa Kilutheri Frank Buchman, ambamo watu waliungama makosa yao mbele ya wenzao. Wale wa Akron waliipenda sana Barua ya Yakobo, pamoja na agizo lake la kuungamiana, hata wengine wakataka chama kiitwe kwa jina la Yakobo.

Mzee wa Maseno au wa Ng'iya akisikia hayo atasema, mbona twayajua? Ni kweli. Mwezi wa Septemba 1929 daktari mwingine, Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, naye amechoka rohoni, alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Uamsho uliofuata ulifika kwetu Nyanza mwaka 1938, na tangu hapo ndugu wamekuwa wakikutana, mmoja akisimama na kuyaweka mambo yake nuruni. Wengi waliiacha pombe kwa njia hiyo. Watu wawili wawili, pande mbili za dunia, na katika kila jozi daktari mmoja. Sisi hupenda kulikumbuka jambo hili.

Lakini iko tofauti, tena si ndogo. Katika ushirika wetu aliyeokoka hushuhudia juu ya lile aliloliacha. Akirudia chupa, huitwa aliyerudi nyuma, na mara nyingi haonekani tena. Huona aibu kuketi kati ya waliopona. Katika mkutano wa wale wengine, hata aliyekaa miaka ishirini bila pombe husimama akasema kwamba yeye ni mlevi, na aliyeanguka jana huketi karibu naye. Sharti la kuingia ni moja tu, kutaka kuacha. Hatusemi ushirika wa Uamsho uwekwe kando, la hasha. Twasema kwamba mvuvi wetu anakosa kile kiti cha pili. Sheria haikumpa. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikaruhusiwa kwa masharti mwaka 2010, na mlevi akabaki peke yake nyakati zote mbili.

Basi anayetafuta na aanzie hapa. Simu namba 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo. Asumbi, upande wa Homa Bay, Wakatoliki wana kituo cha kuwatibu walevi. Anayekunywa kila siku kwa wingi asikatize ghafula bila kumwona daktari, maana mwili waweza kushikwa na kifafa, hata kifo. Vikundi vyenyewe vingi viko Nairobi; lakini kwa desturi yao, walevi wawili watatu wakikusanyika ili waache pombe, hicho ni kikundi tayari. Hawahitaji kasisi wa kuwaongoza. Wahitaji chumba, viti vichache na saa isiyobadilika, tuseme Jumanne jioni. Nao hupenda kulipa kodi yao wenyewe. Parishi iliyo na chumba iwape. Sisi wachungaji tusiingie mpaka tualikwe, na ufunguo akae nao yule afikaye wa kwanza.