Mali ya Watu wa Basra

  

Ndugu Waislamu, mwaka 36 wa Hijra, sawa na mwaka 656 wa Miladi, Waislamu walipigana wao kwa wao karibu na mji wa Basra, katika vita vijulikanavyo kwa jina la Vita vya Ngamia. Hatutasema leo nani alipata na nani alikosa katika ijtihadi yake. Wanavyuoni wetu wametufundisha kuzuia ndimi katika yaliyopita baina ya Masahaba. Tunalolitaka ni lile lililofuata baada ya panga kurudishwa alani, kwani hapo ndipo tulipoipata sheria.

Sayyidna Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, alinadisha kwamba akimbiaye asifuatwe, majeruhi asimalizwe, na mwenye kufunga mlango wake au kuitupa silaha yake yu katika amani. Akawasalia maiti wa pande zote mbili. Kisha vitu vilivyookotwa uwanjani vikakusanywa katika msikiti wa Basra, na watu wakaambiwa kwamba mwenye kukijua chake na akichukue, ila silaha za hazina zilizokuwa na alama ya serikali.

Tuizingatie hali ya watu siku ile. Matanga yamejaa mjini, na mtu aingia msikitini kutafuta tandiko la nduguye aliyeuawa jana, mbele ya macho ya jeshi lile lile lililomwua. Naye akalipata akatoka nalo. Kwetu sisi, hapo ndipo amani iliporejea Basra, si pale ngamia alipoanguka.

Wala jambo hili halikuwapendeza wote. Wamo katika jeshi lake waliouliza: vipi damu za watu hawa zilikuwa halali kwetu, na mali zao na wanawake wao wawe haramu? Akawarudi kwa swali moja: nani kati yao atamchukua Mama wa Waumini, Bibi Aisha, kuwa fungu lake? Wakanyamaza. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, akasafirishwa kwa heshima, akisindikizwa na nduguye Muhammad bin Abi Bakr, ambaye alikuwa upande wa Ali. Na Abdullah bin Abbas akawekwa kuwa liwali wa Basra.

Juu ya vitendo hivi Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra, alijenga sehemu kubwa ya hukumu za waasi wenye tafsiri waliyoiamini. Wenzetu waliosoma Minhaji ya Imamu Nawawi katika vyuo vya pwani yetu wanaijua milango hiyo. Humo mna kwamba zaka iliyokusanywa na waasi katika mji walioutawala imekwisha lipwa, haidaiwi tena. Na hukumu ya kadhi wao hupitishwa, ila akiwa ni mwenye kuhalalisha damu za wenziwe. Msomaji mwepesi huona haya ni mambo madogo. Lakini mji ukitawaliwa na waasi miaka mitatu, watu humo huoa, huacha, hurithi na hukopeshana. Lau hukumu zote zile zingebatilishwa siku ya ushindi, mwanamke asingejua ni mke wa nani, na mwenye shamba asingejua kama ni lake.

Zito zaidi ni la damu. Imamu Zuhri amepokea kwamba fitina ilipotokea Masahaba walikuwa wengi, wakaafikiana kuwa damu iliyomwagwa kwa tafsiri ya Qurani haina kisasi, na mali iliyoharibiwa kwa njia hiyo hailipwi, ila kitu kitakachokutwa chenyewe hurudishwa kwa mwenyewe. Hatusemi kwamba hukumu hii ni nyepesi kwa mama aliyefiwa na mwanawe. Katika madhehebu yetu ipo na kauli ya pili, kwamba muasi hulipa. Na aliyeua au kuharibu nje ya mapigano hana kinga hata kidogo: huyo adaiwa kama adaiwavyo mtu yeyote. Hata silaha na farasi wa waasi hurudishwa kwao, lakini baada ya vita kwisha na shari yao kutochelewa tena.

Utulivu wa Basra haukuzuia Siffin mwaka 37, wala Nahrawani mwaka uliofuata; ummah haukukusanyika mpaka mwaka 41, Sayyidna Hasan alipofanya suluhu na Muawiya. Lakini sheria ilishikwa hata kwa Khawariji wa Nahrawani, ambao uadui wao ulikuwa mkali kuliko wa wote. Imepokewa kwamba vyombo vyao vililetwa Kufa vikawekwa uwanjani, na kila mtu akakitambua chake akakichukua, mpaka kikabaki chungu kimoja cha kupikia. Hakuna askari aliyekigusa. Kikakaa pale kikimngoja mwenyewe, kisha kikaonekana kimechukuliwa.